Kwao Sylhet: Hamza Choudhury, BRAC na wilaya iliyohamishwa mara tatu

Tarehe 25 Machi 2025, katika mji wa Shillong, kaskazini mashariki mwa India, timu ya taifa ya Bangladesh ilitoka sare ya bila kufungana na India katika mechi ya kufuzu Kombe la Asia. Wanaoifuata Leicester City walimtambua kiungo mmoja papo hapo. Alikuwa Hamza Choudhury, yule aliyeingia kipindi cha pili katika fainali ya Kombe la FA ya 2021, siku Leicester ilipoifunga Chelsea bao moja kwa bila. Hamza alizaliwa Loughborough, Uingereza, mwaka 1997. Baba yake mzazi ana asili ya Grenada, kisiwa cha Karibiani. Aliwahi kuichezea England ya vijana chini ya miaka 21. Basi watu wakauliza, na bado wanauliza: Bangladesh imeingiaje hapa?

Majibu unayokutana nayo ni mengi. Mama yake ni Mbangladeshi. Kwao ni Sylhet. Hapana, kwao ni Habiganj. Ni Mbengali. Ni Mhindi. Hilo la mwisho ni kosa. Manne yaliyotangulia ni kweli yote kwa pamoja, na mtu akishaelewa kwa nini hayagombani, ameelewa jambo kubwa kuhusu kona moja ya dunia iliyotoa majina mengi kuliko ukubwa wake.

Majina hayo mengine tunayafahamu bila kujua kwamba yana asili moja. Mama wa Mbagala anayerejesha mkopo wa BRAC anashughulika na taasisi iliyoanzishwa na mtu wa Habiganj. Nadiya Hussain, aliyeshinda shindano maarufu la kuoka keki kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 2015, familia yake imetoka Beanibazar, Sylhet. Rushanara Ali, mtu wa kwanza mwenye asili ya Bangladesh kuchaguliwa kuwa mbunge Uingereza, mwaka 2010, alizaliwa Bishwanath, Sylhet. Na kwa karibu miaka thelathini, kuanzia 1991 hadi mwisho wa 2018, kila serikali iliyochaguliwa Bangladesh ilimkabidhi wizara ya fedha mtu wa eneo hilohilo: Saifur Rahman wa Moulvibazar, kisha Shah A. M. S. Kibria wa Habiganj, kisha Saifur Rahman tena, halafu A. M. A. Muhith wa Sylhet. Vyama vilipokezana na kuchukiana vikali, lakini mtu wa fedha alitoka kulekule.

Tuanze na maneno

Bengal ni eneo, Kibengali ni lugha, Bangladesh ni nchi. Bengal ni ile ardhi tambarare inayozunguka midomo ya mito ya Ganges na Brahmaputra. Mwaka 1947, Waingereza walipoondoka, iligawanywa. Upande wa magharibi ulikwenda India na leo ni jimbo la West Bengal, lenye mji mkuu Kolkata. Upande wa mashariki ulikwenda Pakistan, na mwaka 1971, baada ya vita, ukawa Bangladesh.

Kwa hiyo Mbengali anaweza kuwa raia wa India au wa Bangladesh, Mwislamu au Mhindu. Mshairi Rabindranath Tagore, aliyezaliwa Kolkata, ndiye mwenye maneno ya wimbo wa taifa wa India na wa Bangladesh pia. Naye Mbangladeshi si lazima awe Mbengali. Ndani ya Sylhet kwenyewe kuna Wakhasi na Wamanipuri, raia kamili wenye lugha zao.

Tuna sababu yetu ya kuchanganya haya. Wenzetu wa Afrika Mashariki tunaowaita Wahindi, wengi asili yao ni Gujarat, Kutch, Punjab na Goa, pande za magharibi na kaskazini za bara hilo. Wabengali waliofika huku walikuwa wachache. Sikio letu halikuzoea majina yao, basi kila mwenye sura ile tukamtia kapu moja. Mbangladeshi ukimwita Mhindi unamkosea. Umempa uraia wa nchi jirani, na kama ni Mwislamu, neno letu hilo linabeba pia dini isiyo yake.

Sasa neno lingine, zila. Bangladesh imegawanywa katika divisheni 8, na divisheni hizo zina zila 64. Vitabu hutafsiri zila kuwa wilaya, lakini nyingi zina watu mamilioni, kwa hiyo zinakaribiana zaidi na mkoa wa Tanzania. Chini ya zila kuna upazila, na chini zaidi kuna vijiji. Hamza kwao ni kijiji cha Snanghat, upazila ya Bahubal, zila ya Habiganj, divisheni ya Sylhet.

Hapo ndipo fundo linapokaza, kwa sababu Sylhet ni jina la mji, ni jina la zila, ni jina la divisheni, na ni jina la wilaya kubwa ya zamani ambayo haipo tena kwenye ramani. Chukua mtu ambaye wazazi wake ni wa Ludewa, naye akazaliwa Dar es Salaam mwaka 1990. Ukimuuliza kwao ni wapi, hatakujibu Temeke, atakujibu Ludewa. Karatasi za baba yake zinasema mkoa wa Iringa, kwa sababu wakati ule Ludewa ilikuwa Iringa. Leo ukitafuta Ludewa utaikuta mkoa wa Njombe, ulioanzishwa 2012. Mtu huyo hajadanganya popote. Alipozaliwa ni mahali pamoja, kwao ni pengine, na jina la kwao limebadilika akiwa hai.

Sylhet ni hivyohivyo, ila kule mipaka iliyosogezwa haikuwa ya mikoa tu. Ilikuwa ya nchi.

Wilaya iliyohamishwa

Sylhet iko kaskazini mashariki mwa Bangladesh, chini ya milima ya Meghalaya. Mto Barak ukishuka kutoka India hugawanyika mpakani ukawa mito miwili, Surma na Kushiyara, inayoilisha nchi yote ile. Wakati wa mvua, mabonde makubwa yanayoitwa haor hujaa maji na vijiji hubaki kama visiwa, watu wakitembeleana kwa mashua. Kwenye vilima kuna mashamba ya chai, yaliyoanzishwa na Waingereza tangu miaka ya 1850.

Uislamu wa huko unahusishwa zaidi na Shah Jalal, walii ambaye jina lake limefungamana na mwaka 1303, Sylhet ilipoingia chini ya utawala wa Kiislamu. Mapokeo yanasema alikuja na wenzake 360. Kaburi lake lipo mjini Sylhet na watu hulizuru hadi leo. Ibn Battuta, msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri miaka kama kumi na mitano baadaye hadi pande hizo ili kumwona shehe mmoja mzee, na wanahistoria wengi wanaamini ndiye huyo Shah Jalal. Mizizi ya Sylhet si ya Waislamu peke yao, hata hivyo. Chaitanya, mwalimu wa karne ya 15 na 16 ambaye wafuasi wa Krishna duniani kote wanamheshimu kupita kiasi, alizaliwa Nabadwip, magharibi mwa Bengal, lakini baba yake alitoka Dhaka Dakshin, ndani ya Sylhet.

Mwaka 1874 Waingereza waliitoa Sylhet katika Bengal wakaiunganisha na jimbo jipya la Assam. Assam ilikuwa na mapato madogo, Sylhet ilikuwa na watu wengi na kodi nyingi. Mji mkuu wa jimbo hilo ulikuwa Shillong, huko milimani. Kwa maneno mengine, Hamza alivaa jezi ya Bangladesh kwa mara ya kwanza katika mji ambao hadi 1947 ndiko zilikotoka amri zilizoitawala wilaya ya mababu zake. Sijaona mtangazaji aliyelisema hilo siku ile, na lilistahili kusemwa.

Ilipofika 1947 likazuka swali gumu. Assam ilikuwa inakwenda India. Sylhet ilikuwa na Waislamu wengi na watu wake walizungumza Kibengali cha kwao. Wakaitishwa kura ya maoni, tarehe 6 na 7 Julai. Waliotaka kujiunga na Bengal ya Mashariki, yaani Pakistan, walikuwa 239,619. Waliotaka kubaki Assam walikuwa 184,041. Wafanyakazi wa mashamba ya chai, ambao mababu zao waliletwa na Waingereza kutoka Bihar, Odisha na kwingineko, hawakupiga kura, kwa hoja kwamba si wenyeji. Wajukuu wao bado wanachuma chai kwenye vilima vilevile. Orodha za watu mashuhuri wa Sylhet hazina majina yao, na kwangu mimi hilo ni pengo kubwa kuliko kumsahau waziri yeyote.

Baada ya kura, kamati ya mipaka ya Cyril Radcliffe ilikata kipande cha mashariki, sehemu kubwa ya Karimganj, ikakiacha India. Kilichobaki kikawa Pakistan, kisha mwaka 1971 kikawa Bangladesh. Mwaka 1984 wilaya hiyo kubwa ikagawanywa zila nne: Sylhet, Sunamganj, Habiganj na Moulvibazar. Mwaka 1995 zila hizo nne zikakusanywa tena zikawa divisheni moja, jina lake Sylhet. Mwishoni mwa 2024 serikali ya Assam ikabadilisha hata jina la kile kipande kilichobaki India. Karimganj sasa inaitwa Sribhumi, jina ambalo Tagore aliipa Sylhet alipoitembelea mwaka 1919.

Ndiyo maana mtu wa Habiganj akisema kwao ni Sylhet, yuko sahihi. Anataja wilaya ya babu yake na divisheni yake ya leo kwa pumzi moja.

Ukiwa na ramani hiyo kichwani, wasifu wa watu unasomeka. Mwandishi Syed Mujtaba Ali alizaliwa Karimganj mwaka 1904. Alisoma kwenye chuo cha Tagore, akafundisha Kabul, akapata udaktari wake Bonn, na mwaka 1947 alisimama mjini Sylhet kuitetea lugha ya Kibengali dhidi ya wale waliokitaka Kiurdu peke yake. Bangladesh inamhesabu kuwa wake, na kwa haki, ingawa alipozaliwa leo ni India. Jenerali M. A. G. Osmani, amiri jeshi wa wapiganaji wa ukombozi wa 1971, alizaliwa Sunamganj kwa sababu baba yake, mtumishi wa serikali, alikuwa kazini huko. Kwao hasa ni Dayamir, karibu na mji wa Sylhet, na uwanja wa ndege wa Sylhet unaitwa kwa jina lake. Bipin Chandra Pal, mmoja wa viongozi watatu waliokuwa wakali zaidi katika kuupinga utawala wa Waingereza India mwanzoni mwa karne ya 20, alizaliwa Poil, Habiganj, mwaka 1858. Vitabu humwita Mhindi, na kwa wakati wake ni kweli, kwa maana Bangladesh haikuwapo.

Kuna na Kamala Bhattacharya. Alizaliwa Sylhet mwaka 1945, katika familia ya Kihindu. Mwaka 1950 familia yake ilikimbilia Silchar, upande wa India. Serikali ya Assam ilipoamua Kiassam kiwe lugha rasmi ya jimbo lote, watu wa bonde la Barak walidai Kibengali pia kitambuliwe. Tarehe 19 Mei 1961 polisi walifyatua risasi kituo cha treni cha Silchar, watu kumi na mmoja wakafa. Kamala alikuwa mmoja wao, msichana wa miaka 16 aliyekuwa amemaliza mtihani wake wa mwisho wa sekondari siku moja tu kabla. Alizaliwa chini ya Waingereza, akaishi Pakistan utotoni, akafa India, na kwao palikuwa palepale.

Kwa nini London?

Hapa ndipo watu hutoa maelezo mepesi. Wengine husema Wabangladeshi walikwenda Uingereza kwa sababu ya umaskini. Umaskini ulikuwako Bangladesh nzima, lakini waliokwenda walitoka zila chache, na wengi sana walitoka Sylhet. Wengine husema watu wa Sylhet wana kipaji cha biashara. Kipaji hakina anwani. Maelezo ya kweli yanaanzia kwenye tanuri la meli.

Tangu karne ya 19, makampuni ya meli ya Waingereza yaliajiri mabaharia wa Asia kupitia bandari ya Calcutta, ndiyo Kolkata ya leo, kwa mshahara ambao ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa baharia mzungu. Watu wa Sylhet walikuwa watu wa mito. Walijua mashua, na meli za moshi zilizopanda kutoka Calcutta hadi Assam zilipita kwao. Waliopata kazi mtoni walishuka hadi bandarini, na kutoka bandarini wakaingia meli za bahari kuu. Kazi waliyopewa ilikuwa ile ambayo wengine waliikimbia: kuchota makaa ya mawe na kuyatupa ndani ya tanuri, chini kabisa ya meli, kwenye joto lililoua watu.

Mwajiri halisi hakuwa kampuni. Alikuwa serahangi, mkubwa wa mabaharia, ambaye ndiye aliyekusanya watu wa kazi. Serahangi wa Sylhet alichukua watoto wa kijiji chake, wale ambao baba zao anawajua na wanaweza kumlipa fadhila. Huo ndio mnyororo. Mmoja akishafika, wa pili ana mlango, na kijiji cha jirani kisicho na serahangi hakina. Ndiyo sababu hata ndani ya Sylhet utakuta upazila fulani zina karibu kila nyumba na mtu London, na nyingine hazina. Na mara nyingi waliotoka hawakuwa hohehahe. Sylhet ilikuwa na wakulima wengi wenye vipande vyao vya ardhi, na kijana wa familia kama hiyo aliweza kupata fedha ya kufika Calcutta na kusubiri meli.

Baadhi walipofika bandari za mbali walitoroka melini. Ayub Ali alitoroka Marekani mwaka 1919, akafika London mwaka uliofuata. Alifungua mkahawa mashariki mwa London akauita Shah Jalal, jina la walii wa kwao. Baharia aliyetoroka, asiyejua Kiingereza wala pa kulala, alikwenda pale akapata chakula, kitanda na mtu wa kumwandikia barua. Mwaka 1943 yeye na Shah Abdul Majid Qureshi waliunda chama cha kuwasaidia mabaharia. Upande wa pili wa bahari, Aftab Ali, naye wa Sylhet, aliongoza vyama vya mabaharia na baadaye akapigania watu wake wapewe pasipoti. Baada ya 1947 jambo hilo lilikuwa la kufa na kupona, kwa sababu Calcutta ilikuwa sasa nchi nyingine na riziki ya baharini ilikuwa imekatika.

Uingereza ya baada ya vita ilihitaji mikono viwandani. Wenye ndugu kule walijua pa kuombea kazi. Sheria ya uhamiaji ya 1962 iliweka vibali vya kazi, na waliokuwa tayari London waliwatafutia vibali ndugu na majirani. Mlango uliokusudiwa kubana ukawapitisha wale wale wenye watu ndani. Viwanda vilipofungwa, wengi waliingia kwenye biashara ya chakula, kazi ambayo mabaharia wa zamani walikuwa wameshaianza. Migahawa mingi ya Uingereza iliyoandikwa mlangoni kuwa ni ya Kihindi ilikuwa, kwa miongo mingi, ya Wabangladeshi, na wengi wao watu wa Sylhet. Waliandika hivyo kwa sababu mteja alilijua jina la India. Kumbe pilau aliyokula ilipikwa na mtu wa Moulvibazar.

Maisha hayo hayakuwa mepesi. Usiku wa tarehe 4 Mei 1978, Altab Ali, kijana wa Sylhet aliyefanya kazi kiwanda cha nguo, aliuawa na wabaguzi wa rangi karibu na Brick Lane, mashariki mwa London. Maelfu waliandamana nyuma ya jeneza lake hadi katikati ya London. Bustani iliyo mahali hapo leo ina jina lake. Kabla ya siku ile vijana wa Kibengali walijificha. Baada yake walijipanga, wakaingia vyama, mabaraza na hatimaye Bunge. Anayetaka kujua Rushanara Ali alitokea wapi kisiasa, asianzie uchaguzi wa 2010, aanzie pale. Sensa ya 2021 iliwahesabu watu 644,881 wenye asili ya Bangladesh katika England na Wales, na katika mtaa wa Tower Hamlets ni zaidi ya theluthi moja ya wakazi.

Si wote ni wa Sylhet, lakini. Hilo nalo ni kosa linalosemwa sana. Mbunge Tulip Siddiq ana asili ya Gopalganj, upande wa kusini magharibi, na familia ya Rupa Huq imetoka Pabna. Ukisema kila Mbangladeshi wa London ni wa Sylhet umerudia kosa lilelile la kapu moja.

Majina yanayodanganya

Hamza Choudhury na mwanadiplomasia Anwar Choudhury si ndugu. Choudhury, au Chowdhury, ilikuwa cheo cha mwenye ardhi, na leo wanayo Waislamu na Wahindu wasiojuana. Miah kwa mwanamume na Begum kwa mwanamke ni majina ya heshima ambayo karatasi za Uingereza ziliyageuza kuwa majina ya ukoo. Kaka na dada wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti kabisa. Kwa hiyo usitafute asili ya mtu kwenye jina lake la mwisho. Tafuta kijiji.

Huyo Anwar Choudhury ana kisa chake. Alizaliwa kijiji kimoja cha Jagannathpur, Sunamganj, akakulia Uingereza, na mwaka 2004 akarudi Bangladesh akiwa balozi wa Uingereza. Siku chache tu baada ya kuanza kazi, tarehe 21 Mei, alikwenda Sylhet kuswali Ijumaa kwenye kaburi la Shah Jalal. Alipokuwa akitoka, guruneti lilirushwa. Yeye alijeruhiwa, watu watatu walikufa. Waliofanya vile walimwona kuwa Uingereza, ilhali watu waliojazana kumpokea pale walimwona mtoto wao.

Na lugha? Watu wa Sylhet wana Kisylheti, ambacho kwa miaka mingi wasomi wamebishana kama ni lahaja ya Kibengali au lugha kamili. Kilikuwa na hati yake, Nagri, iliyoandikiwa mashairi ya dini. Washairi wa huko ni hazina ya nchi nzima: Hason Raja wa Sunamganj, tajiri wa ardhi aliyetunga nyimbo za kuiaga dunia, na Shah Abdul Karim, aliyezaliwa Ujandhal mwaka 1916 katika umaskini, akachunga ng'ombe, akaimba hadi alipofariki 2009. Watoto wengi wa London wanaosema nyumbani wanazungumza Kibengali kwa kweli wanazungumza Kisylheti. Hamza alipotua Sylhet tarehe 17 Machi 2025 na kupokewa na umati, alizungumza nao kwa lugha hiyo aliyolelewa nayo na mama yake. FIFA ilikuwa imekwishamruhusu Desemba 2024, kwa kanuni inayomwezesha mchezaji kuiwakilisha nchi ambako mzazi, babu au bibi yake alizaliwa, mradi ana uraia wake. Hakuazimwa wala hakununuliwa.

Mtu wa Baniachong na mikopo yetu

Nimemwacha Fazle Hasan Abed hadi sasa kwa sababu ndiye anayetugusa zaidi. Alizaliwa Baniachong, Habiganj, mwaka 1936. Alikwenda Glasgow kusomea uundaji wa meli, akaona kwao hakuna meli za kuunda, akahamia uhasibu London. Aliporudi aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell huko Chittagong. Mwaka 1970 kimbunga cha Bhola kiliua mamia ya maelfu ya watu pwani ya Bengal ya Mashariki, na mwaka uliofuata vita vikaja. Abed alikwenda London kuitafutia Bangladesh misaada na marafiki.

Vita vilipoisha aliuza nyumba yake ya London. Kwa fedha hiyo alikwenda Shalla, eneo la haor huko Sunamganj, ambako wakimbizi waliokuwa wakirudi kutoka India walikuta nyumba zimechomwa. Huko ndiko BRAC ilikoanza, mwaka 1972, kwa kujenga nyumba na kutafuta mashua za uvuvi. Haikuanza na mikopo. Kazi iliyoifanya iheshimike zaidi ilikuwa ya miaka ya 1980, pale wafanyakazi wake walipopita nyumba kwa nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, wakimfundisha kila mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru ili mtoto anayeharisha asife kwa kukaukiwa maji. Mfanyakazi alilipwa kulingana na kile ambacho mama alikumbuka alipoulizwa baadaye. Abed alijua kuhesabu, na aliitumia hesabu kuokoa watoto.

BRAC ilifika Tanzania na Uganda mwaka 2006, ikiwa shirika la nchi maskini lililokuja kufanya kazi katika nchi nyingine maskini. Wapo wanaoiona kampuni ya Wahindi, wapo wanaodhani ni ya Wazungu, na wapo wenye malalamiko ya haki kuhusu riba na marejesho ya kila wiki, ambayo yanastahili kujibiwa na wanaoiendesha leo. Lakini lile wazo la kikundi cha wanawake kukaa pamoja, kila mmoja akijulikana kwa jina, na ofisa kuwafuata mtaani badala ya wao kumfuata benki, lilikomazwa vijijini Bangladesh, na Shalla ilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Abed alifariki Dhaka tarehe 20 Desemba 2019, akazikwa hukohuko Dhaka. Mtu wa Habiganj angeweza kusema wamempoteza mtu wa Baniachong, wa Sylhet angesema mtu wa Sylhet, wa London angesema Mbangladeshi.